Noto, na uzuri wa mkakasi

Niko Catania, kisiwani Sisilia, kusini kabisa mwa Italia. Wiki hii sina stori za mitihani wala za foleni ya chakula hosteli. Boom limeingia, na Jumamosi tukapanda basi mimi na wenzangu wawili wa darasa la historia, tukaenda Noto, mji mdogo wa watu kama 24,000 uliopo kusini-mashariki mwa kisiwa hiki. Tukalala huko usiku mmoja. Watu wa huku wakiutaja Noto wanautaja kwa majivuno, kwamba ndio mji mzuri kuliko yote ya mtindo wa Baroko. Nimeuona kwa macho yangu na sibishi. Ila nimerudi na swali linalonisumbua, na nataka tulijadili hapa: mji ukianguka wote, nani mwenye haki ya kusema ujengwe wapi upya?

Kwanza neno lenyewe, maana najua kuna watakaouliza. Baroko ni mtindo wa sanaa na ujenzi ulioanzia Roma mwishoni mwa karne ya 16, ukatamba karne ya 17 na sehemu kubwa ya karne ya 18. Wengi wanasema jina limetokana na neno la Kireno la lulu isiyo duara sawasawa. Ukiona kuta zinavimba na kubonyea kama pazia lililopigwa na upepo, ngazi pana kama jukwaa la maigizo, na roshani zilizobebwa na sanamu, ujue umefika. Ni mtindo usiopenda upite bila kusimama.

Na Noto kweli inakusimamisha. Unaingia kwa lango linaloitwa Porta Reale, yaani lango la kifalme, lililojengwa mwaka 1838 kwa ajili ya ujio wa Mfalme Ferdinand II. Juu yake wameweka mnara, mbwa na ndege mwari: nguvu, uaminifu na kujitolea. Kutoka hapo barabara kuu inanyooka kuelekea magharibi, na kila baada ya mwendo mfupi inafunguka kuwa uwanja wenye kanisa. Mawe yote ni ya chokaa ya huko huko, rangi ya asali, laini kuchonga. Jua la jioni likiyapiga, yaani mji mzima unakuwa kama umewashiwa taa kwa ndani. Kuna kanisa la San Domenico la msanifu Rosario Gagliardi, uso wake umejitokeza mbele kama kifua cha mtu aliyevuta pumzi. Kuna Palazzo Ducezio, ofisi ya halmashauri ya mji, kazi ya Vincenzo Sinatra, yenye safu ya nguzo na matao. Halafu kuna jumba la ukoo wa Nicolaci. Hapo nilisimama mpaka shingo ikauma: kila roshani imebebwa na viumbe vya mawe, simba, nguva, farasi wenye mabawa, vitoto vinono vinavyocheka. Mtaa ule ule, kila mwezi Mei, hufunikwa wote kwa picha zinazotengenezwa kwa maua.

Sasa ukiangalia utagundua jambo la ajabu kidogo. Miji ya kale ya Ulaya kwa kawaida ni mchanganyiko: kipande hiki cha karne ya 12, kile cha 15, ukuta huu wa Warumi. Noto ya katikati si hivyo. Karibu yote ni ya kizazi kimoja, kama wanafunzi waliovaa sare. Kwa nini? Kwa sababu kabla ya mwaka 1693 mji huu haukuwepo hapa.

Noto ya kwanza ilikuwa kama kilomita 8 kutoka hapo, juu ya mlima Alveria, umezungukwa na makorongo karibu pande zote. Ngome hasa. Waarabu walipoiteka Sisilia kuanzia mwaka 827 waliifikia Noto mwaka 864, na baadaye kisiwa kiligawanywa sehemu tatu, moja ikaitwa kwa jina la mji huu: Val di Noto. Wanormani walipokuja kukinyang'anya kisiwa, Noto ndiyo iliyokuwa ngome ya mwisho ya Waislamu kusalimu amri, mwaka 1091. Miaka ile ya utawala wa Waarabu haijafutika. Mswahili ukikaa mezani huku unasikia ndugu zako: sukari ni zucchero, limau ni limone, zafarani ni zafferano. Maneno yale yale ya Kiarabu, moja limepanda jahazi likaja kwetu, lingine limepanda jahazi likaja huku.

Basi, tarehe 9 Januari 1693, Ijumaa usiku, ardhi ikatikisika. Watu wakatoka nje, wakasali, wakaanza kuhesabu hasara. Siku mbili baadaye, Jumapili tarehe 11, kama saa saba na nusu mchana, likaja kubwa lenyewe. Wataalamu wa leo wanalikadiria kuwa na ukubwa wa kama 7.4, moja ya matetemeko makubwa kabisa yanayojulikana katika historia ya Italia. Watu wapatao 60,000 walikufa kusini-mashariki mwa Sisilia. Hapa Catania ninapoandikia, inasemekana theluthi mbili ya wakazi waliangamia. Noto ya mlimani ikawa kifusi.

Hapa ndipo vitabu vya watalii vinaporuka. Vinasema: tetemeko lilibomoa mji wa zamani, wakajenga mpya mzuri zaidi, tazama picha. Kama vile watu waliamka Jumatatu, wakajifuta vumbi, wakachukua rula na kuchora mitaa. Haikuwa hivyo hata kidogo.

Wakati ule Sisilia ilikuwa chini ya mfalme wa Hispania, na makamu wake aliyekaa Palermo alimtuma kabaila mmoja, Giuseppe Lanza, Mtawala wa Camastra, kusimamia maeneo yaliyoangamia. Alifuatana na mhandisi wa kijeshi Carlos de Grunenbergh. Uamuzi wao kwa Noto ulikuwa kuhama: acheni mlima, nendeni kwenye mteremko wa Meti, chini zaidi, karibu na bahari. Sababu zao ukizisikia zina akili. Mlimani palikuwa pamebana, barabara mbaya, na kujificha kwenye makorongo hakukuwa na faida tena zama za mizinga. Meti kulikuwa na nafasi ya kuchora mitaa iliyonyooka na viwanja vipana, ambako tetemeko lingine likija watu wanapata pa kukimbilia. Ramani ya mji mpya inahusishwa na Mjesuiti Angelo Italia, yule yule aliyeuchora upya mji jirani wa Avola kwa umbo la pembe sita.

Lakini watu hawakutaka. Si wote, ila wengi. Jiweke mahali pao. Umezika ndugu zako, wengine hata hukuwapata uwazike, wako bado chini ya kifusi. Kisima unachokijua kiko kule juu. Mawe ya nyumba yako, ambayo ungeweza kuyakusanya ukajenga tena kibanda, yako kule juu. Halafu anakuja mkubwa kutoka Palermo anakwambia nenda ukaanze upya kwenye uwanja mtupu. Watu wakaishi kwenye vibanda miaka na miaka huku wakubwa wakibishana. Na ugomvi haukuwa wa makabaila upande huu na makabwela upande ule tu. Makabaila wenyewe waligawanyika, na mashirika ya kidini kila moja lilikuwa na hesabu zake za viwanja. Mwaka 1698 ikabidi watu waulizwe rasmi wanataka nini. Wengi wakapinga Meti. Na bado, mwanzoni mwa karne ya 18, uamuzi ukathibitishwa: mji unabaki Meti. Kwa maneno mengine, waliulizwa, wakajibu, jibu likawekwa kabatini.

Tulipofika hapo kwenye mjadala, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za kanisa kuu na vikombe vya barafu ya lozi mkononi, mwenzangu mmoja akasema: "Sasa si bora hawakusikilizwa? Wangerudi mlimani, leo tungekuwa tunaangalia nini hapa?" Mwenzangu wa pili akamjibu: "Hawakujenga ili wewe uje kuangalia." Wakanigeukia mimi. Nikawaambia twendeni Ragusa kwanza, kwa maneno lakini, maana nauli hatuna.

Ragusa iko magharibi ya Noto, nayo ililala chini tetemeko lile lile. Huko kulitokea kinyume chake. Sehemu kubwa ya ukoo za zamani za kikabaila zilikataa kuondoka, zikajenga upya pale pale kwenye mji wa kale unaoitwa leo Ibla, na Gagliardi akawajengea kanisa la San Giorgio. Wengine, pamoja na matajiri wapya, wakapanda kilima cha jirani wakajenga mji wao wenye mitaa iliyonyooka na kanisa lao la San Giovanni. Miji miwili ikatazamana kama mawifi. Kuanzia 1865 ilikuwa hata na halmashauri mbili tofauti, hadi ikaunganishwa mwaka 1926. Ndiyo kusema kurudi kwenye kifusi na kujenga tena hapo hapo kuliwezekana. Na Ibla ni nzuri, kila aliyeiona atakwambia. Kwa hiyo hoja kwamba bila kuwaburuza watu usingepata uzuri, kwangu inachechemea. Kilichotofautiana si akili ya wajenzi, ni nani aliyekuwa na uwezo wa kukataa.

Jioni hiyo tukapanda juu, sehemu inayoitwa Pianazzo. Watalii wengi hawafiki, maana ngazi ni nyingi na jua halina huruma. Mji mpya ulipangwa kwa tabaka, kihalisi kabisa: kwenye mteremko wa chini wakakaa mapadri, masista, makabaila na serikali, juu kwenye tambarare wakakaa watu wa kawaida. Kule juu mitaa imekatana vizuri lakini nyumba ni fupi, nguo zimeanikwa dirishani, watoto wanacheza mpira. Kanisa lao ni la Crocifisso, la Gagliardi pia, na ndani yake mna sanamu ya Bikira Maria ya marumaru iliyochongwa na Francesco Laurana mwaka 1471. Angalia huo mwaka. Sanamu hiyo ilikuwa Noto ya mlimani. Ilivuka tetemeko ikahamia na watu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje, tulipomwuliza njia, alituonyesha kwa fimbo yake upande wa milima akasema, "Mama yetu alitoka kule. Sisi wote tulitoka kule." Zaidi ya miaka 300 imepita, na bado anasema *sisi*.

Kesho yake tukapata lifti mpaka Noto ya kale. Wadau, sijui niseme nini. Unapita lango kubwa la ukuta wa ngome, mnara wa ngome bado umesimama nusu, halafu… msitu. Miti ya mikarobu, mizeituni mwitu, majani ya miiba. Mtaa unaujua kwa sababu tu miti imeacha mstari. Hapa palikuwa kanisa, pale soko, na kote kuna vipande vya kuta vinavyotoka ardhini kama meno. Kimya kabisa, isipokuwa nyenje.

Nilikuwa na sababu yangu ya kupanda huko. Katika mji huo wa mlimani, karibu mwaka 1550, alikufa mtu mmoja Mwafrika aitwaye Antonio. Alizaliwa Barca, katika nchi inayoitwa leo Libya, akakamatwa, akaletwa Sisilia utumwani, akauzwa katika maeneo haya ya Avola na Noto, akawa mchunga kondoo. Alikuwa Mwislamu, akabatizwa Mkristo. Baadaye akaachiwa huru, akajiunga na utawa wa tatu wa Wafransisko na kumalizia maisha yake akihudumia wagonjwa na maskini wa Noto. Alipokufa watu walimheshimu kama mtakatifu. Sifa zake zikavuka bahari mpaka Brazili, ambako watu weusi waliokuwa utumwani walimfanya msimamizi wao, wakimwita Antônio de Categeró. Fikiria: mchunga kondoo wa Noto anaombewa Bahia!

Kitabu cha mwongozo nilichokuwa nacho kinaeleza roshani za Nicolaci kwa kurasa nzima, nguva kwa nguva. Antonio hakimtaji hata kwa mstari. Na katika mji wa Scicli, si mbali sana na Noto, kwenye kona ya jumba la Beneventano kuna vichwa vya mawe vya "Wamoro", watu kama Antonio, vimechongwa kuwa mapambo ya jumba la kabaila. Kwa hiyo Mwafrika kwenye Baroko ya hapa yumo, ila yumo kama urembo wa ukuta. Aliyeishi, akafanya kazi na kusaidia watu, unamtafuta kwenye mji uliomezwa na msitu.

Waswahili tuna methali yetu: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Niliikumbuka tuliporudi mjini tukaingia kanisa kuu la San Nicolò, lile lenye ngazi pana. Lilikamilika mwaka 1776, likawa kanisa kuu la jimbo mwaka 1844. Nje ni fahari tupu. Tarehe 13 Desemba 1990 tetemeko dogo kuliko lile la 1693 likalitia nyufa. Halafu tarehe 13 Machi 1996, usiku, bila tetemeko lolote, nguzo moja ya ndani ikashindwa, na kuba pamoja na sehemu kubwa ya paa vikaporomoka. Ashukuriwe Mungu kanisa lilikuwa tupu, hakufa mtu. Wahandisi walipochunguza nguzo walikuta nini? Nje, mawe yaliyochongwa vizuri. Ndani, kifusi: mawe ya mtoni ya mviringo na udongo wa chokaa dhaifu usioshika. Na katikati ya karne ya 20 paa la mbao lilikuwa limetolewa, likawekwa la zege, mzigo mzito juu ya nguzo zilizojaa kokoto. Watu walisali chini ya nguzo zile karne mbili na zaidi wakiamini wanachokiona.

Lakini hapa lazima niwape Noto sifa yao, maana walichofanya baadaye ndicho kilichonifurahisha kuliko roshani zote. Hawakuziba shimo wakapaka rangi. Waligundua kwamba hata nguzo za upande wa kushoto, ambazo hazikuanguka, zina ugonjwa ule ule. Wakazivunja nazo. Wakajenga zote upya kwa mawe na chokaa, kwa mbinu za mafundi wa zamani lakini kwa uaminifu kuliko wa zamani, jiwe kwa jiwe hadi ndani. Kazi ilichukua miaka 11. Kanisa likafunguliwa tena Juni 2007. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 2002, UNESCO ikaingiza miji minane ya Val di Noto kwenye orodha ya urithi wa dunia: Noto, Ragusa, Modica, Scicli, Catania, Caltagirone, Militello na Palazzolo Acreide. Kanisa kuu la mji maarufu kuliko yote halikuwa na paa siku hiyo.

Ukisimama ndani leo unaona kuta nyeupe na nguzo safi, na kama hukuambiwa hutajua. Mimi niliambiwa, nikaenda kuigusa moja. Imara.

Sasa jibu langu kwa wenzangu, ambalo kwenye ngazi sikulitoa. Naupenda mji wa Noto. Sitaki mtu aniambie kwamba kwa kuwa watu walihamishwa kwa nguvu basi San Domenico si nzuri. Ni nzuri, na waliochonga mawe yale walikuwa mafundi, makabwela vilevile, na mji ni wao kuliko wa yule Mtawala wa Camastra. Wajukuu wa waliopinga Meti ndio walioipenda mpaka wakaibomoa na kuijenga tena kanisa lao. Lakini historia inayoanza na rangi ya asali na kuishia na rangi ya asali ni nguzo ya kokoto. Kura ya 1698 lazima iwemo ndani. Vibanda viwemo. Pianazzo iwemo. Antonio wa Barca awemo, kwa jina lake. Hapo ndipo hadithi ya mji huu itabeba paa lake.

Haya, nimeandika mno na Alhamisi nina mtihani. Nyie mnaonaje? Wangekuwa wazazi wenu mwaka 1693, mngewaambia washuke Meti au warudi mlimani? Tupeane mawazo, bila matusi kama kawaida yetu. Mbaki salama.